Seti ya Klachi ya Exedy kwa Forester Iliyotoka Otomatiki Kwenda Manuali: Tathmini Baada ya Kilomita 14,000

Nyumbani kwangu Arusha ninazo seti mbili za klachi, mtambo unaoiunganisha na kuitenganisha injini na giaboksi, na gari moja. Seti ya kwanza bado imo ndani ya boksi lake, haijawahi kukanyagwa hata mara moja, na duka lililoniuzia lilikataa kuipokea tena kwa hoja kwamba nailoni ilikwisha kupasuliwa. Seti ya pili, ambayo ni ya Exedy, imo ndani ya gari na imekwisha kutembea kilomita 14,000. Tathmini hii ni ya hiyo ya pili, lakini haitaeleweka bila kuisimulia ya kwanza, kwa sababu zote mbili ziliuzwa kwa jina lile lile la gari.

Gari lenyewe ni Subaru Forester SG5 yenye injini ya EJ205, yaani lita 2 na tabo (kipulizio kinachoiongezea injini hewa na nguvu), nguvu farasi 220, na lilitoka Japani likiwa na giaboksi ya otomatiki ya gia nne. Otomatiki ile ilipoanza kuchelewa kushika gia ya kurudi nyuma na baadaye kuteleza milimani, nilikuwa na njia mbili mbele yangu: kununua otomatiki nyingine ya mtumba ambayo hakuna mtu angeweza kunihakikishia afya yake, au kuhamia manuali ya gia tano, ambayo fundi yeyote mzuri wa Unga Limited anaweza kuifungua juu ya meza na kuonyesha kwa kidole kilichokwisha na kilichobaki. Nikachagua manuali. Giaboksi niliipata Dar es Salaam, imetoka kwenye hafukati (nusu ya gari iliyokatwa ili iuzwe kwa vipuri) ya Forester yenye tabo kama yangu, na muuzaji akanifungia pamoja nayo pedali tatu, masta ya klachi, yaani pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, na mabano yake. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa juu yake, alisema, ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mteja mwingine. Nilipaswa kushtuka hapo hapo, lakini sikushtuka, kwa sababu nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata giaboksi kwa bei nzuri.

Dukani nilikokwenda kutafuta klachi niliulizwa swali ambalo huulizwa kila siku katika kila duka la vipuri: "Gari gani, kaka?" Nikajibu kwamba ni Forester ya mwaka 2004, cc 2000. Kijana akapanda ngazi, akashuka na boksi, akalipangusa vumbi kwa kiganja, na biashara ikaisha. Hakuuliza kama injini ina tabo, wala giaboksi imetoka wapi, wala flaiwili ni ya ukubwa gani, nami sikumwambia lolote kati ya hayo. Simlaumu yeye peke yake. Swali lake lingetosha kabisa kwa mtu ambaye gari lake bado lina viungo vyote lilivyozaliwa navyo. Gari langu lilikuwa limeacha kuwa la namna hiyo siku otomatiki ilipotolewa.

Gerejini fundi alianza kwa kuichukua pleti, sahani ya msuguano ya klachi yenye meno katikati, na kuichomeka kwenye shafti ya giaboksi. Iliteleza mpaka mwisho bila kukwama na bila kucheza, kama iliyozaliwa nayo, nami nikaanza kuhesabu siku ya kuondoka na gari. Kisha akaishika rilizi beringi, ile beringi inayoiachia klachi pedali ikikanyagwa, akaielekeza ndani ya nyumba ya klachi, yaani ganda la mbele la giaboksi, akainama akatazama foki inayoisogeza beringi hiyo, akaitoa, akaigeuza, akatazama tena. Alinyamaza kwa muda uliotosha kunitia wasiwasi. "Bosi," akasema, "hii ni ya kusukuma. Giaboksi yako inavuta."

Wenzangu wengi wanaoendesha magari ya kawaida hawajawahi kukutana na tofauti hiyo, kwa hiyo nitaieleza kwa kituo. Klachi nyingi tunazozijua ni za kusukuma: ukikanyaga pedali, foki huipeleka rilizi beringi mbele kuelekea injini, beringi hukandamiza vidole vya presha pleti, kifuniko chenye springi kinachoibana pleti kwenye flaiwili, na pleti iliyokuwa imebanwa hulegea. Klachi ya kuvuta hufanya kinyume chake. Beringi yake hujifungia kwenye ncha za vidole vya presha pleti, na ukikanyaga pedali foki huivuta kurudi upande wa giaboksi, ikivinyanyua vidole badala ya kuvikandamiza. Faida yake ni kwamba mtambo wa namna hii hupata wenzo mrefu zaidi, hivyo presha pleti inaweza kubana kwa nguvu zaidi bila kumtesa dereva mguuni, na ndiyo maana huonekana sana kwenye magari ya tabo. Ukiziweka presha pleti hizo mbili chini pamoja, jicho lililozoea huona tofauti mara moja, kwa kuwa ya kuvuta ina nafasi ya kufungia beringi katikati na ya kusukuma ina vidole vitupu vinavyosubiri kuguswa tu. Jicho langu lilikuwa halijazoea.

Kilichonidanganya ni meno. Subaru za enzi hiyo zisizo na tabo hutumia klachi ya kusukuma yenye pleti ya milimita 225. Zile za tabo zenye gia tano hutumia ya kuvuta yenye pleti ya milimita 230. Na giaboksi ya gia sita ya Impreza STI nayo ni ya kuvuta, ila pleti yake ni ya milimita 240. Pleti zote tatu zina meno 24 katikati. Maana yake ni kwamba jaribio ambalo sisi wateja hulipenda kuliko mengine yote, la kuchomeka pleti kwenye shafti na kushangilia ikiingia, halithibitishi chochote zaidi ya kwamba umenunua klachi ya Subaru. Milimita 5 kati ya 225 na 230 hazionekani kwa macho, na mtu hawezi kuzihisi kwa mikono yenye grisi.

Baada ya fedheha hiyo, fundi alinichorea kwa chaki sakafuni mnyororo mzima, na tangu siku hiyo sijaona maelezo bora zaidi. Meno ya pleti hufuata shafti ya giaboksi. Upana wa pleti na matundu ya presha pleti hufuata flaiwili. Rilizi beringi hufuata presha pleti kwa upande mmoja na foki kwa upande mwingine. Flaiwili nayo hufuata mkia wa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni za injini, kwa bolti zake, na hufuata stata, mota ya kuwashia gari, kwa meno ya ringi gia yaliyo ukingoni mwake. Jina lililobandikwa nyuma ya gari halimo popote katika mnyororo huo. Anayebadilisha giaboksi anaukata mnyororo huu katikati na kuunga kipande kilichotoka gari jingine, kwa hiyo hana budi kujua kipande chake kinaanzia wapi na kinaishia wapi, na kununua klachi kwa ajili ya kiungo hicho.

Subaru haiko peke yake katika mtego huu. Nissan Skyline GT-R ya R32 ilianza na klachi ya kusukuma na kumalizia uzalishaji wake na ya kuvuta, ilhali jina la gari na injini yake havikubadilika. Impreza WRX zilizouzwa Marekani zilikuwa na klachi ya kuvuta hadi toleo la 2005, na kuanzia toleo la 2006, lililokuja na injini ya lita 2.5, zikawa na ya kusukuma. Kwa hiyo mtu wa Arusha au Nairobi mwenye WRX ya Kijapani ya 2006 yenye injini ya lita 2, akiagiza klachi kwenye duka la mtandaoni la Marekani kwa kuchagua mwaka na jina, ataletewa kitu kizuri, kipya na halisi ambacho hakimfai kwa lolote. Kwa wenye pikapu za Toyota mtego ni mwingine: Hilux nyingi za D-4D, yaani za dizeli, zilitoka kiwandani na flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani yake, na anayeiondoa ili aweke flaiwili ya kipande kimoja lazima abadilishe na pleti pia, achukue yenye springi katikati, kwa sababu springi zilizokuwa zikimeza mitikisiko ya injini ndani ya flaiwili sasa hazipo, na mitikisiko hiyo itakwenda moja kwa moja kwenye meno ya giaboksi.

Narudi kwenye gari langu. Kabla ya kununua seti ya pili nilifanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilitia alama ya chaki kwenye jino moja la shafti nikayahesabu meno yote mara mbili, nikapima unene wa shafti kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, nikapiga picha za foki na za ndani ya nyumba ya klachi. Kisha nikaitafuta flaiwili ya gari la tabo mpaka nikaipata, na hapo ndipo nilipojifunza jambo dogo ambalo limenisaidia kuliko kipimo chochote kilichoandikwa: pleti ya zamani huacha alama yake. Uso wa flaiwili iliyotumika una mviringo uliong'arishwa na msuguano, na ukiuwekea kalipa kubwa au hata rula ya chuma kutoka ukingo mmoja wa mng'aro hadi wa pili, unapata kipenyo cha pleti iliyokuwa ikikaa pale. Yangu ilisoma 230. Nusu saa ya kazi hiyo ingeniokoa wiki mbili na fedha za seti nzima.

Flaiwili ile ilikuwa na madoa ya bluu, dalili kwamba mwenye gari wa kwanza aliichoma kwa kuitelezesha klachi, kwa hiyo niliipeleka kwa fundi wa leti, mashine ya kuchonga chuma, akaipitisha kidogo mpaka madoa yakaisha. Hapa nashauri kwamba anayekwenda kupitisha flaiwili asiache kumwambia fundi wa leti ni ya aina gani, kwa sababu ile iliyo bapa hupitishwa uso mmoja tu, lakini yenye ngazi, yaani ile ambayo presha pleti hukaa juu zaidi au chini zaidi kuliko pleti, lazima ipitishwe kiasi kile kile sehemu zote mbili. Vinginevyo mbano wa presha pleti hubadilika na klachi mpya huanza kuteleza au kukataa kuachia, na lawama zote humwendea mtengenezaji wa klachi ambaye hakuwepo.

Sasa Exedy. Ni kampuni ya Kijapani yenye makao yake Neyagawa, Osaka, na kabla ya mwaka 1995 bidhaa zake zilijulikana kwa jina la Daikin, jina ambalo mafundi wa zamani bado wanalitumia. Haihusiani na Daikin ya viyoyozi. Swali hilo nimeulizwa mara tatu. Kampuni hii imekuwa ikitengeneza klachi zinazofungwa kiwandani kwenye magari mengi ya Japani, na ndiyo sababu nilichagua seti yake ya kawaida, ile inayolingana na ya kiwandani, badala ya kuhangaika na majina mapya yanayoingia sokoni kila mwaka. Ndani ya boksi nilikuta pleti, presha pleti, rilizi beringi, pailoti beringi (inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) na kijiti cha plastiki cha kuiweka pleti katikati. Bei yake ilikuwa kama mara moja na nusu ya bei ya ile seti ya kwanza.

Kabla ya kulipa niliomba tuifungue mbele ya muuzaji, nikalinganisha namba iliyogongwa kwenye chuma cha presha pleti na ile iliyoandikwa kwenye pleti, kisha na lebo ya boksi. Jina kubwa huvuta feki, na boksi ni rahisi kuiga kuliko klachi. Muuzaji huyu wa pili, tofauti na wa kwanza, alikubali kuandika nyuma ya risiti kwamba nina siku saba za kurudisha ikiwa haitalingana, na kwa anayebadilisha giaboksi maandishi hayo yana thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Kazi ya kufunga ilianza mezani, nje ya gari. Fundi aliifunga pleti na presha pleti kwenye flaiwili ikiwa imelala juu ya meza, akahakikisha kwamba kitovu cha pleti hakigusi vichwa vya bolti za flaiwili, akaibana rilizi beringi kwenye vidole akasikiliza inavyojifunga, akaifungua tena. Hili ni jaribio la dakika kumi ambalo sijaliona katika gereji nyingi, na linafaa kwa kila mchanganyiko wa vipuri vilivyotoka magari tofauti, kwa sababu kugusana kwa kitovu na bolti hakuonekani baada ya giaboksi kupandishwa, kunasikika tu. Pailoti beringi ya Subaru hukaa katikati ya flaiwili yenyewe, na katika hili wenye Subaru wana bahati, maana kwenye magari mengine hukaa ndani ya krenki, na injini iliyozaliwa otomatiki mara nyingi haina beringi pale, na fundi aliyezoea magari ya manuali tangu kiwandani anaweza kusahau kuiweka. Yetu ilibadilishwa kwa kuigonga ya zamani nje na kuisindika mpya. Sili ya nyuma ya krenki, inayozuia oili ya injini isivuje, tuliibadilisha pia, kwa kuwa ni upuuzi kufunga pleti mpya nyuma ya sili yenye miaka zaidi ya 15. Tone moja la oili likifika kwenye pleti, jina la mtengenezaji halisaidii tena.

Mikazo ya bolti niliisimamia mwenyewe. Bolti 8 za flaiwili hukazwa kwa nyutoni mita 72, nazo 6 za presha pleti hukazwa kwa nyutoni mita 15.7 tu, kwa zamu, bolti moja na inayoikabili, kidogo kidogo. Huo mkazo wa pili huwachekesha mafundi waliozoea kukaza mpaka spana ilie, lakini presha pleti iliyokazwa upande mmoja kwanza hupinda, na klachi iliyopinda hutetemesha gari kila linapoondoka. Bolti za flaiwili tulitumia za flaiwili, hatukurudisha zile zilizokuwa zimeshika sahani nyembamba ya otomatiki iliyokaa mahali pa flaiwili. Kwenye meno ya shafti fundi alipaka grisi kidogo sana, akaichomeka pleti, akaitoa, akafuta ile iliyosukumwa pembeni. Grisi nyingi haikai kwenye meno. Hurushwa, na inakorushwa ni kwenye pleti.

Kwa atakayekuja kuifungua klachi ya namna hii siku za usoni, kuna siri moja ambayo lazima fundi wake aijue. Kwa kuwa beringi imejifunga kwenye presha pleti na imeshikwa na foki, giaboksi haitatoka kwa kufungua bolti za nje pekee. Ubavuni mwa nyumba ya klachi kuna kizibo kinachofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Ndani yake kuna shafti ya foki, na shafti hiyo huvutwa kwa kuchomeka bolti ya M6 kwenye tundu lake, ndipo foki inaponyanyuliwa na kuiachia beringi. Fundi asiyelijua hili huishia kuisukasuka giaboksi kwa mtarimbo akidhani imeng'ang'aniwa na kutu, na mwisho wake ni foki iliyopinda au nyumba ya klachi iliyopasuka.

Pedali ya kwanza kabisa niliikanyaga gari likiwa bado juu ya vigingi. Ni nzito kidogo kuliko ya Forester isiyo na tabo ya jirani yangu, jambo ambalo nililitarajia kwa kuwa presha pleti hii inabana zaidi, lakini si nzito ya kuchosha goti. Inashika karibu na katikati ya safari ya mguu, si chini kabisa wala si juu kabisa, na inashika polepole kiasi cha kumruhusu dereva kuondoka mlimani bila kuvuta moto mwingi. Kilomita 800 za kwanza niliendesha mjini kwa upole, bila kuvuta mzigo na bila kuondoka kwa kishindo, ili pleti na flaiwili zilaliane. Katika siku hizo kulikuwa na mtetemeko mdogo asubuhi za baridi ya Julai, nao ukaisha wenyewe.

Jaribio langu la kweli lilikuwa ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, pale barabara inapoupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Nilikuwa na watu wanne na mizigo. Katika gia ya nne, kwa mzunguko wa chini wa injini, nilikanyaga moto wote na kuutazama mshale. Klachi inayoteleza hujisaliti hapo: mshale wa mizunguko hupanda haraka huku mwendo ukibaki pale pale. Mishale yote miwili ilipanda pamoja, tabo ilipoamka na baada yake. Nimelirudia jaribio hilo mara nne tangu wakati huo, mara ya mwisho klachi ikiwa imefikisha kilomita 14,000, na matokeo hayajabadilika. Katika foleni ya Barabara ya Sokoine jioni, ambako mguu wa kushoto hufanya kazi kuliko wa kulia, sijasikia harufu ya kuungua hata mara moja.

Jambo moja lililoharibika katika kipindi hiki lilikuwa la kujitakia. Slevu ya klachi, pistoni inayopokea mafuta ya masta na kuisukuma foki, nilitumia ile kuukuu iliyokuja na giaboksi, kwa ubahili, na mwezi wa pili ikaanza kuvuja mafuta ya breki hadi pedali ikawa inazama na gia ya kurudi nyuma inakwaruza. Fundi aliweka mpya, akatoa upepo, mambo yakatulia. Anayechanganya masta ya gari moja na slevu ya jingine ajue pia kwamba vipenyo vya pistoni zake ndivyo vinavyoamua foki itasafiri umbali gani. Masta ikiwa ndogo mno kwa slevu, pedali huwa laini ya kupendeza lakini klachi haiachii kikamilifu, na mtu anaweza kuishusha giaboksi kutafuta kosa ambalo liko kwenye bomba la mafuta.

Nimeulizwa kwa nini sikuchukua ile ya michezo. Exedy wanayo: daraja lao la kwanza hutumia pleti ya kawaida yenye mbano mkubwa zaidi, na daraja la pili hutumia vipande vya mchanganyiko wa seramiki na metali. Kwa mtu aliyeongeza nguvu ya injini, la kwanza lina maana. La pili nimeliendesha kwenye gari la rafiki, na maoni yangu ni kwamba halifai kwa gari la familia: linashika kama swichi, ama limeshika ama halijashika, na kuondoka nalo kwenye kilima chenye foleni ni mtihani mbele ya abiria. Injini yangu iko kama ilivyotoka kiwandani, na klachi ya kiwango cha kiwandani inaitosha.

Kuhusu difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, nitasema kwa ufupi tu, kwa kuwa si klachi lakini huua kwa haraka kuliko klachi. Uwiano wa difu ya nyuma lazima ukubaliane na giaboksi mpya. Subaru wametumia 3.900, 4.111, 4.444 na nyinginezo, na magurudumu ya mbele yakidai mwendo mmoja na ya nyuma mwingine, difu ya kati huungua huku mwenye gari akilaumu mkono wa fundi. Namba zilinganishwe kabla ya kupandisha chochote.

Kwa hiyo, kwa mwenye Subaru ya tabo ya gia tano yenye klachi ya kuvuta ya milimita 230, seti hii ningeinunua tena kesho bila kusita, na kwa bei ile ile. Kwa mwenye gari jingine lolote lililobadilishwa giaboksi, sina seti ya kumpendekeza mpaka aniambie meno mangapi, flaiwili ya kipenyo gani, na foki inavuta au inasukuma.

Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja aliyesikia kwamba nina klachi mpya ya Forester inayouzwa. Naye amehamisha gari lake kutoka otomatiki. Nilimwambia kwamba ninayo kweli, milimita 225, ya kusukuma, meno 24, na kwamba nitampa kwa nusu ya bei, kwa sharti kwamba arudi kwanza gerejini akapime mng'aro kwenye flaiwili yake. Bado hajarudi.